UKIDHANI KISIMA KIMEKAUKA, MWAGIA SABUNI!

Nikikwambia kwamba wapo watu wazima na akili zao, wenye digrii mbili tatu ukutani, wanaochukua sabuni kwa matani na kuisukuma chini ya ardhi, kiasi cha kilomita moja kwenda chini, utasema huyu mwandishi leo kaanza mapema. Sijaanza. Ni saa nne asubuhi na nimekunywa chai ya rangi tu. Watu hao wapo, wanalipwa mshiko wa maana, na kazi yao inawahusu hata nyie mliozoea kuruka ukurasa huu kukimbilia safu ya mapenzi. Subirini kidogo, mapenzi hayahami.

Kazi yenyewe ni kuosha mawe. Wanayaosha yaachie mafuta.

Naanza na uongo tuliolishwa na sinema. Wengi wetu tukisikia "kisima cha mafuta" picha inayokuja ni pango kubwa chini ya ardhi limejaa mafuta meusi yanacheza kama maji ya bwawa, halafu mzungu mmoja mwenye kofia anatoboa, pwaa! yanaruka mpaka angani, watu wanakumbatiana. Mchezo umekwisha, tajiri kapatikana. Nami nilikwenda na picha hiyo mpaka kwa mzee mmoja wa Kiunguja jirani yetu, ambaye miaka ya 1980 alikuwa dereva kwenye kambi za mafuta huko Oman.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu kitako."

"Babu, eti kule Oman mafuta yako chini kama bahari?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Bahari gani, we mtoto! Jiwe. Jiwe khasa. Walikuwa wakilitoa chini kipande kirefu kama mhogo, nilikishika kwa mkono wangu huu. Kikavu, zito. Ukilinusa ndio unajua mna kitu ndani."

Basi ndivyo ilivyo, bwana. Mafuta yanakaa ndani ya jiwe, kwenye vitundu vidogo kuliko unene wa unywele wako. Chukua tofali la saruji na mchanga, limwagie maji. Linakunywa, sivyo? Maji yamekwenda wapi? Yamo humo humo katikati ya chembe za mchanga. Sasa fikiria tofali hilo lina ukubwa wa wilaya nzima, limefukiwa chini sana, na badala ya maji limekunywa mafuta kwa mamilioni ya miaka. Halafu wewe umeambiwa uyatoe yote kwa kutumia mrija.

Hutoboi. Na hapo ndipo kwenye hesabu ambayo wanasiasa hawaisemi wakipanda jukwaani.

Ukichoronga kisima kipya, mwanzoni mafuta yanatoka yenyewe kwa sababu chini kuna msukumo, kama soda iliyotikiswa. Ukifungua, inafoka. Lakini soda inayofoka haimalizi chupa. Kwa visima vingi, msukumo huo wa asili hutoa kama mapipa 10 tu katika kila 100 yaliyomo, kisha pumzi inakata. Hapo wataalamu huchimba visima vingine pembeni na kusukuma maji ndani yake ili yayakokote mafuta kwenda kwenye visima vya kutolea. Mbinu hii iligunduliwa kwa bahati tu huko Pennsylvania, Marekani, katika karne ya 19. Visima vibovu viliingiza maji ndani ya mwamba bila kutakiwa, na watu wakaanza kuona mafuta yakiongezeka kwenye visima vya jirani. Ajabu ni kwamba serikali ya jimbo hilo ilikuja kuruhusu jambo hilo kisheria mwaka 1921, wakati wenye visima walikuwa wameshalizoea kimya kimya usiku.

Ukijumlisha soda na maji, umefika wapi? Mara nyingi 30, pengine 40 katika 100, ukiwa na bahati. Mengine yote yamebaki kwenye jiwe. Nasema tena kwa wale mnaosoma huku mmesimama kwenye daladala: zaidi ya nusu inabaki chini. Halafu kampuni inafunga virago, inasema mafuta yamekwisha.

Kwa nini hayatoki? Jibu liko jikoni kwenu. Jana mmekaanga samaki, sufuria imeganda mafuta. Weka maji matupu, hata ya moto, zungusha, mwaga. Maji yanateleza, yanaondoka zake, mafuta yamekaa pale pale yanakutazama. Maji na mafuta hawana undugu. Kati yao kuna kama ngozi, kila mmoja amejikunja upande wake, na tone la mafuta linapenda kubaki duara kama gololi.

Huko chini ni mbaya zaidi, maana tone limekaa kwenye kitundu ambacho mlango wake ni mwembamba kuliko lenyewe. Mfikirie abiria wa Kariakoo mwenye makapu mawili kwenye mlango wa Hiace. Haingii wala hatoki, na hakubali kuachia kapu. Maji yanayosukumwa nyuma yake hayana muda wa kubembeleza, yanatafuta njia nyingine pembeni na kupita. Ukisema uongeze nguvu za pampu mpaka abiria achomoke, utapasua mwamba wenyewe kabla tone halijatoka.

Hapo ndipo sabuni inapoingia. Kwa lugha ya wataalamu inaitwa safaktanti, lakini ni ndugu wa damu na ile unayofulia. Kila molekuli ya sabuni ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji, mkia unapenda mafuta. Wakikutana na maji na mafuta wanajipanga mpakani, kichwa huku mkia kule, wanakuwa washenga. Ile ngozi inalegea. Tone lililokuwa gumu kama gololi linakuwa laini kama mlenda, linajinyoosha, linapenya mlangoni na kapu lake.

Lakini usije ukadhani ni kumwaga tu sabuni ya unga kisimani ukaitwa bilionea. Ili tone lipenye, ngozi ile lazima idhoofishwe mara maelfu, tena maelfu mengi. Sabuni ya vyombo haifiki huko. Kwa hiyo wakemia wanakaa maabara miezi na miezi wakitafuta sabuni inayooana na mafuta ya mwamba ule, chumvi ya maji yale na joto la kina kile. Ya kisima hiki haifai kisima kile. Ni kama kumtafutia mtu mke, huchukui tu wa jirani.

Na sabuni peke yake haitoshi. Maji mepesi yakisukuma mafuta mazito, yanachora vijia na kukimbia mbele, nyuma yanaacha mafuta yamelala. Dawa yake ni kuyafanya maji yawe mazito, kwa unga wa polima unaoyageuza kama uji mwepesi. Uji haukimbii, unakwenda kwa adabu, safu nzima mbele kwa mbele.

Kisha kuna kitu cha tatu ambacho mimi kilinifurahisha kuliko vyote: magadi. Naam, magadi haya haya. Mafuta mengine yana asidi ndani yake kwa asili. Ukipeleka maji ya magadi soda au kostiki chini, yanakutana na ile asidi na sabuni inatengenezwa huko huko ndani ya jiwe, bila kiwanda. Shangazi yangu alikuwa akipika sabuni ya miche uani kwa mafuta ya mawese na kostiki, sisi watoto tunafukuzwa tusisogee maana ile dawa inababua. Kemia ya kidato cha tatu niliifaulu kwa sababu yake. Mwalimu alipoandika ubaoni kwamba mafuta na alkali huzaa sabuni, mimi tayari nilikuwa naijua harufu yake. Sasa kumbe uani kwa shangazi na chini ya visima vya mafuta kanuni ni ile ile! Tena magadi yana faida ya pili. Yanauzuia mwamba kuinyonya ile sabuni ghali ya maabara, maana udongo wa mfinyanzi ulio katikati ya mchanga una tabia ya kuinasa sabuni kabla haijafika kwenye mafuta.

Nani amefanya haya kwa ukubwa wa kutisha? Mchina.

Kaskazini mashariki mwa China, katika jimbo la Heilongjiang, mahali ambapo baridi yake ingetuua sisi kabla ya chakula cha mchana, kuna eneo linaitwa Daqing. Mafuta yaligunduliwa pale Septemba 1959, siku chache kabla ya sherehe za miaka 10 ya taifa lao, na ndiyo maana wakapaita Daqing, yaani sherehe kubwa. Mwaka uliofuata jamaa mmoja aitwaye Wang Jinxi, kiongozi wa kikosi cha kuchoronga, anasemekana alijitosa mwenyewe kwenye dimbwi la tope la saruji akalikoroga kwa mwili wake, kwa kuwa kisima kilitaka kulipuka na mashine ya kukorogea hakuna. Wakampa jina la Mtu wa Chuma, na picha zake zikabandikwa nchi nzima. Siku hizi mtu akijitosa kwenye dimbwi tunadhani kafumaniwa.

Kuanzia 1976 hadi 2002, miaka 27 mfululizo, Daqing ilitoa zaidi ya tani milioni 50 za mafuta kila mwaka. Lakini jiwe ni jiwe. Walishasukuma maji tangu mapema, na miaka ya 1990 ilipofika, katika kila ndoo 10 zilizopanda juu, nane au zaidi zilikuwa maji yale yale waliyoyapeleka wenyewe. Nchi inakua, viwanda vina njaa, na mji mzima umejengwa juu ya mafuta hayo. Ungefanyaje?

Wao waliingia jikoni. Uji wa polima waliutumia kwa eneo kubwa kuanzia 1996. Kabla ya hapo, mwaka 1994, walikuwa wameshaanza majaribio ya ule mchanganyiko wa vitu vitatu, yaani alkali, sabuni na polima kwa pamoja. Majibu yalipokuja, kwenye maeneo ya majaribio walipata kiasi cha mapipa 20 ya ziada katika kila 100 yaliyokuwemo tangu mwanzo, juu ya yale ambayo maji matupu yangetoa. Ishirini katika mwamba ambao ungeambiwa umekauka! Na sabuni iliyotumika ilikuwa chini ya kilo 1 kwa kila lita 100 za maji.

Bahati ilikuwa upande wao, tusidanganyane. Mwamba wa Daqing una joto la nyuzi 45 hivi, kama maji ya kuogea, na maji yake hayana chumvi nyingi. Sabuni inapenda hali hiyo. Wewe unayekaa Dar na kutumia maji ya kisima chenye chumvi unajua, unasugua sabuni mpaka mkono unauma, povu halitoki, inabaki ile takataka nyeupe. Miamba mingi ya mafuta duniani ina maji yenye chumvi kuliko bahari, tena ya moto kama sufuria ya maharage. Huko sabuni ya kawaida inakata tamaa.

Na hata Daqing hawakulala usingizi mzuri. Kostiki ilikula mwamba, kisha ikaacha utando mgumu kwenye pampu, kama ule unaoganda ndani ya birika la chai, pampu zikakwama ovyo. Wakahamia kwenye magadi soda ambayo ni mapole zaidi. Halafu yale mafuta yaliyopanda juu yalikuja yamechanganyika na maji kama maziwa, kwa kuwa sabuni haichagui, inapatanisha maji na mafuta chini na inaendelea kuwapatanisha juu. Kuwatenganisha tena ni kazi nyingine na gharama nyingine. Majaribio yale ya 1994 yalikuja kuwa kazi rasmi ya kiwandani mwaka 2014. Hesabu mwenyewe, miaka 20. Mtoto aliyezaliwa siku ya jaribio la kwanza alikuwa ameshaanza kunyoa ndevu.

Tatizo la sabuni ni uvumilivu. Maji yale chini yanatembea taratibu, kiasi cha futi moja kwa siku, konokono anakupita anakucheka. Unamwaga pesa leo, mafuta ya ziada yanaanza kuonekana baada ya miezi, pengine mwaka na zaidi. Na katikati bei inaweza kukugeuka. Wamarekani yaliwakuta. Baada ya bei kupaa mwaka 1973, makampuni yao yalijaribu sabuni kwa pupa. Mwaka 1986 bei ikaanguka vibaya, majaribio mengi yakafungwa kama kibanda cha chipsi kilichokosa viazi. Kuna na kichekesho kichungu hapo: sabuni nyingi za kazi hiyo zinatengenezwa kutokana na mafuta yenyewe. Mafuta yakipanda bei ukasema sasa biashara italipa, na sabuni nayo imepanda.

Oman nao, kule alikoendesha gari babu, wamo. Kwenye eneo la Marmul, kusini, mafuta ni mazito na chumvi ni kidogo, wakaanza kusukuma uji wa polima mwaka 2010, kisha wakajaribu na ule mchanganyiko wa vitu vitatu. Nilipomsimulia babu alitikisa kichwa. "Sabuni! Na sisi tulikuwa tukipewa kipande kimoja kwa wiki."

Sasa turudi nyumbani. Watanzania wenzangu, gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay haihusiki na sabuni, gesi ni nyepesi, inatoka kirahisi. Mambo yako kwa jirani. Uganda ilithibitisha kuwa na mafuta ya kibiashara mwaka 2006, kwenye bonde la Ziwa Albert, na Februari 2022 wakubwa walitangaza rasmi uamuzi wa kuweka pesa: visima, na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga. Mafuta yenyewe yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kama samli, ndiyo maana bomba limepangwa lipashwe moto wa nyuzi 50 njia nzima.

Kwenye karatasi za serikali ya Uganda kuna namba mbili. Ya kwanza, mapipa bilioni 6.5. Hayo ndiyo yaliyomo kwenye mwamba. Ya pili, bilioni 1.4. Hayo ndiyo yanayotarajiwa kutoka. Watu kijiweni wanapenda ile ya kwanza, wanaigawanya kwa idadi ya wananchi na kupata kila mtu na gari lake. Mkataba unafuata ile ya pili. Toa moja kwa nyingine, yanabaki bilioni 5 na ushee, yamekaa kwenye mchanga chini ya ziwa na mbuga, hayamo kwenye hotuba ya mtu yeyote.

Jipe hesabu ya darasa la saba. Mpango ni kutoa mapipa kama 230,000 kwa siku yakifika kileleni. Kwa mwendo huo bila kupungua, bilioni 1.4 ni miaka 17 hivi. Kwa kuwa visima hupungua nguvu, itakwenda mbele zaidi ya hapo, lakini kijana wa Tanga anayepata ajira kwenye bomba akiwa na miaka 22 huenda akaona mwisho wake kabla ya kustaafu. Kila mapipa 10 ya ziada katika 100 kule Hoima ni mapipa milioni 650. Sisemi sabuni ya Daqing itafanya kazi Hoima. Mwamba ni mwingine, mafuta ni mengine, nta ile ni kimeo cha aina yake. Hakuna anayeweza kulijibu hilo bila kukaa maabara na vipande vya mwamba wenyewe.

Ndiyo maana mimi nawaonea wivu wale vijana wa kemia pale Makerere na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuliko ninavyowaonea wivu madereva wa malori ya mabomba, ingawa leo dereva ndiye anayenunua bia. Bomba likishafukiwa, kazi ya kufukia imekwisha. Lakini siku visima vitakapoanza kutema maji, kutatakiwa mtu anayejua sabuni gani inaelewana na mafuta gani, na mtu huyo hapatikani kwa kutangaza gazetini wiki moja kabla. China walianza kupika mapema, visima vyao vikiwa bado vinatoa kwa kishindo. Na aliyesaini mkataba akijua tu ile bilioni 1.4, je, siku kampuni ikisema "tumemaliza, kwaherini", zile 5 zilizobaki zina mwenyewe? Nimewauliza wanasheria wawili. Mmoja alinijibu kwa Kiingereza kirefu, wa pili alitaka nimlipe kwanza.

Kwa upande wa Tilenga, ule mradi mkubwa zaidi wa kule Ziwa Albert, mipango ina visima zaidi ya 400, na karibu nusu yake si vya kutoa mafuta, ni vya kusukuma maji ndani, maji yatakayovutwa kutoka ziwani. Na ukiisoma mipango hiyo kwa makini, katikati ya kurasa ambazo hakuna anayezifungua, utakuta wameshatenga visima viwili vya kujaribia uji wa polima. Viwili tu, kati ya mia nne na kitu.